Kwa nini wenyeji nao wapewe?

Umeuliza kwa nini msaada wa wakimbizi uwafikie na wenyeji ambao hawakukimbia vita. Jibu liko kisimani. Viwango vya Sphere, yaani vipimo vya chini vinavyofuatwa kimataifa katika misaada ya dharura, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na bomba moja lisizidi watu 250. Sasa chukua kijiji chenye kisima kimoja, waingie watu elfu kumi ndani ya wiki mbili: mama mwenyeji aliyekuwa akichota alfajiri na kurudi kabla uji haujachemka, leo ndoo yake iko foleni mpaka jua la utosi. Kuni nazo usiseme, ugomvi mwingi huanzia huko. Ukimchimbia kisima mkimbizi peke yake, umemchimbia na chuki.

Ndiyo maana Mapatano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi ya 2018 yameweka kuzipunguzia mzigo nchi zinazopokea kuwa lengo la kwanza. Uganda nayo ilijiwekea kwamba asilimia 30 ya msaada iende kwa wenyeji. Kugawa fedha taslimu husaidia pande zote mbili, mradi sokoni kuna bidhaa; zisipokuwepo, utapandisha bei tu.