Wasomaji Wanauliza: Mtoto wa mbwa anakuja Jumamosi, hela iende kwenye banda au kwa daktari?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko Kimara, tumepata mtoto wa German Shepherd kwa mtu mmoja Goba, yaani watoto wangu hawalali wanamsubiri tu. Muuzaji anasema ana wiki 5 na keshachanjwa zote, kadi anayo, tukamchukue Jumamosi. Nikishalipa ntabaki na laki mbili na nusu, sa baba watoto anataka yote iende kwenye banda la mbao, mi nikasema hapana tumuulize dokta kwanza. Hiyo hela inatosha? *Mama Wawili, Kimara*

JIBU: Marahaba mama, na umefanya vizuri kuuliza mapema maana wengi wananitafuta mbwa keshalala chini anatapika.

Kabla ya hela, hizo wiki 5 zinanipa mashaka. Mtoto wa wiki 5 bado ni wa mama yake huyo, muache afike angalau wiki 8, kunyonya ananyonya lakini pia ndo anajifunza kucheza na wenzake bila kung'ata mpaka watu walie. Kama mnaogopa atauzwa kwa mwingine toeni advansi basi, muandikishane, mumfuate baadae.

Halafu hiyo ya "keshachanjwa zote" kwa wiki 5 haipo, haipo kabisa. Chanjo ya mseto, ile ya kuzuia distempa (kirusi cha mapafu na mishipa ya fahamu), pavo (kirusi cha kutapika na kuharisha damu) na homa ya ini (mara nyingi na lepto humo humo, ugonjwa wa mkojo wa panya), kwa kawaida inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa anachoma akiwa na kama miezi 3. Watu wanauliza kwa nini kurudia rudia, wanaona kama tunawapiga hela. Mtoto anazaliwa na kunyonya kinga ya mama yake, sa ile kinga ikiwa bado ina nguvu inaizima chanjo kabla haijafanya kazi, na hakuna anayeweza kumwangalia mbwa kwa macho akajua leo imeisha. Ndo maana dozi ya mwisho, ile ambayo kila mtu anairuka kwa vile mbwa anaonekana mzima na keshanenepa, mi naiona muhimu kuliko zote.

Hiyo kadi ombeni muishike mkononi. Chanjo ya mseto mara nyingi inakuja na vichupa viwili vidogo, kimoja kina kaunga kakavu kamegandia chini, kingine kina maji, daktari anavuta yale maji anaingiza kwenye unga anatikisa taratibu ndo anachoma chini ya ngozi. Akimaliza anabandua stika ya kwenye kichupa anaibandika kwenye kadi, pale unasoma jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, pembeni sahihi na mhuri. Kadi yenye tiki za peni ya bluu na neno OK hiyo ni karatasi tu, hesabuni hajachanjwa muanze upya, kurudia hakumdhuru. Na msikubali chanjo iliyozunguka mjini kwenye mfuko wa plastiki bila barafu, inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 muda wote, ikipata joto la Dar unachoma maji.

Sasa laki mbili na nusu. Siwezi kukuandikia bei hapa maana kila daktari ana yake, ila piga simu kwa watatu, kila mmoja muulize dozi moja ya mseto bei gani, ya kichaa bei gani, kumuona daktari kunalipiwa peke yake au kumo ndani, na akija nyumbani anaongeza ngapi. Ile ya mseto zidisha mara 3, ya kichaa mara 1. Weka na dawa ya minyoo, kila wiki 2 mpaka afike wiki 12 halafu kila mwezi hadi miezi 6, na usiseme ye ni msafi hana minyoo, minyoo anaipata tumboni kwa mama na kwenye maziwa, na hiyo hiyo inaweza kuwapata watoto wako wanaomkumbatia. Dawa inapimwa kwa kilo kwa hiyo panda kwenye mzani umembeba, shuka, panda peke yako, toa. Dawa ya kupe nayo, na tafadhali sana isiwe ile ya kuogeshea ng'ombe, nunua ya mbwa na usome inaanzia umri gani na kilo ngapi.

Kitakachobaki usikiguse. Pavo ikiingia mtoto analazwa na dripu siku kadhaa na bili yake inaweza kuzidi chanjo zote ulizojumlisha hapo juu. Ya kichaa unaweza kuokoa kidogo, muulize afisa mifugo wa kata yenu, kuna kampeni zinafanyika za bure au za bei ndogo, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Baba watoto mwambie banda lisubiri bana. Mwezi wa kwanza boksi kubwa na kanga kuukuu kwenye kona isiyo na upepo vinatosha, tena akilala karibu na watu halii usiku kucha. Banda litakuja, na mbao za palleti za kulijengea zipo.

Chakula anza na kile kile alichokuwa anakula kwa muuzaji, ubadilishe kidogo kidogo ndani ya wiki. Ugali na dagaa au nyama sawa, ila ule unga wa bei chee unaouzwa kama "wa mbwa" uogope, mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu na mbwa inamharibu ini vibaya. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Mpaka amalize chanjo asitembee barabarani, ila mbebe mtoke nae, aone bodaboda, asikie adhana na muziki wa baa, azoee watu angali mdogo.

SWALI: Dokta mbwa wetu alikufa miezi miwili iliyopita akiharisha damu. Jirani anatupa mtoto wa mbwa koko, anasema koko wana kinga yao hawahitaji chanjo. Tumchukue? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Koko wenye kinga ndo hao unaowaona, waliokufa wadogo huwaoni. Anachanjwa kama mwingine yeyote.

Na huyo wa kwanza sikumpima lakini kuharisha damu kwa mbwa mdogo, pavo ni ya kwanza kuifikiria, na kirusi chake kinaweza kukaa kwenye mazingira miezi mingi, hata mwaka. Tupa bakuli na matandiko ya zamani. Sakafu safisha kwanza kwa sabuni uchafu utoke wote, ndo umwagie jiki, kikombe kimoja kwa kama 20 vya maji, ikae dakika 10 ndo usuuze. Udongo wa uani jiki haiusaidii, kwa hiyo kama uwanja wenu ni mchanga mwambie jirani akae nae mpaka amalize chanjo zake, ndo aingie kwenu.

SWALI: Katoto kangu ka mbwa kana homa, nikape nusu Panadol? *Kijana wa Mbagala*

JIBU: Hapana. Wala Diclofenac, wala Ibuprofen, hizo ndo mbaya zaidi, zinamtoboa tumbo na kuua figo. Mpe maji, muweke kivulini, na kama anatapika au amegoma kula mpeleke leo leo, usisubiri wikiendi.