Nimeombwa kuwa mpambe wa bibi harusi: nini wajibu wangu kidini?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni dada wa Tanga, nimeolewa. Rafiki yangu tuliyesoma naye madrasa anaolewa mwezi ujao, ameniomba niwe mpambe wake. Ndoa itafungwa msikitini baada ya Alasiri, usiku ni ukumbini. Tumeambiwa tushone sare, na wapambe tutaingia ukumbini kwa kucheza mbele ya wageni, wanaume na wanawake. Mume wangu ameniruhusu kuwa naye rafiki yangu, ila hilo la kucheza halimpi raha. Je, kuwa mpambe ni jambo la dini au ni mila tu? Na nikikubali, nina wajibu gani mbele ya Mwenyezi Mungu?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Dada yangu, Allah akulipe kheri kwa kuuliza kabla ya siku yenyewe. Wengi hutuuliza wakati picha zimeshasambaa.

Kumpamba na kumsindikiza bibi harusi kuna asili katika zama za Mtume (s.a.w.). Katika Sahihi Bukhari tunasoma kuwa Mtume alipokuwa njiani akirudi Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, aliyemtayarisha Bi Safiyya, aliyekuwa anaolewa na Mtume, na kumpeleka kwake usiku ni Ummu Sulaym. Bi Aisha naye alishiriki kumpeleka bibi harusi kwa mume wa Kiansari, yaani wa wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, na Mtume akamuuliza kama hawakuwa na burudani yoyote, kwani Maansari wanapenda burudani. Kwa hiyo dufu na nyimbo njema za wanawake siku ya harusi si jambo la kuonea haya.

Ila riwaya niipendayo zaidi katika mlango huu ni ya Asmaa binti Yazid, aliyoipokea Imam Ahmad. Yeye ndiye aliyempamba Bi Aisha. Mtume akakaa pembeni ya bibi harusi, akaletewa maziwa, akanywa kisha akampa. Bi Aisha akainamisha kichwa kwa haya. Asmaa akamkemea kidogo: pokea kutoka mkononi mwa Mtume! Akapokea, akanywa. Mtume akataka wanawake waliokuwepo nao wapewe, wakasema hawana hamu, naye akawaambia wasikusanye njaa na uongo. Tazama Asmaa alikuwa wapi: karibu kabisa na bibi harusi, akiona ambacho wengine hawakioni, akimsukuma pale haya ilipomzidi. Huo ndio upambe. Ni amana ya ukaribu, na wajibu wako wote unatokana na hapo.

Kwanza niondoe dhana moja: mpambe si shahidi wa ndoa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, mashahidi wa akdi, yaani kule kufunga ndoa, ni wanaume wawili waadilifu, na bibi harusi anaozeshwa na walii wake, msimamizi wake kama baba. Akdi itasihi uwepo au usiwepo.

Lakini kuna jambo ambalo walii na mashahidi huenda wasilijue, nawe ukalijua. Mtume amefundisha kuwa bikira aombwe idhini, na idhini yake ni kunyamaza kwake. Kunyamaza kuna namna nyingi. Kuna kunyamaza kwa haya, na kuna kunyamaza kwa msichana aliyelia usiku kucha na kuambiwa asiwaaibishe wazee. Baba aliyekaa msikitini hawezi kutofautisha. Wewe uliyelala naye chumba kimoja unaweza. Khansaa binti Khidham, mwanamke aliyekuwa ameshawahi kuolewa, aliozwa na baba yake naye hataki. Akaenda kwa Mtume, na ndoa ile ikabatilishwa. Basi rafiki yako akikwambia kwa dhati kuwa analazimishwa, usimfute machozi ukamrudishia wanja. Nenda kwa mama yake, au kwa shangazi anayesikilizwa, au kwa sheikh atakayefungisha, tena kabla ya akdi. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Siri ya namna hii haifichwi. Ila pima vizuri: woga wa kawaida wa kuondoka kwao si kulazimishwa, na wengi huwa nao.

Jambo la pili ni swala, na hapa ndipo harusi zetu zinapotia huzuni. Bibi harusi anaanza kupambwa baada ya Adhuhuri, Alasiri inampita, Magharibi inampita, Isha anaiswali alfajiri au haiswali kabisa, eti vipodozi vitaharibika. Siku anayoomba baraka za maisha yake yote! Wewe ndiye wa kusimamia hili. Mwambie mpambaji mapema ratiba ya swala. Rafiki yako atie udhu kabla ya kupakwa chochote, aswali Alasiri kwa wakati wake, na ajitahidi kubaki na udhu huo. Hina si kizuizi, kwa kuwa rangi yake hubaki bila kuacha tabaka. Rangi ya kucha huzuia maji, basi iachwe. Na kuna kitu wengi hawakijui. Bwana harusi akiingia kumpa mkono bibi harusi, au akamwekea kiganja kwenye paji la uso na kumsomea dua, kwa madhehebu ya Shafi udhu umetenguka, maana ngozi imegusana, japokuwa ni mkewe. Kwa hiyo weka maji na mswala tayari kwa ajili ya Magharibi, na vipodozi viwe vya kunawika.

Katika kumpamba kwenyewe: singo ya kumsugua mwili, udi, asumini, hina, hayo yote ni mazuri. Wakati wa kumsinga, kumbuka kuwa uchi wa mwanamke mbele ya wanawake wenzake Waislamu ni baina ya kitovu na magoti, basi kanga isiondoke hapo hata kama mliopo ni marafiki watupu. Nywele za binadamu za kuunganisha zimekatazwa. Asmaa binti Abi Bakr amesimulia kuwa mama mmoja alimuuliza Mtume kuhusu binti yake aliyeugua, nywele zikamtoka, naye ameshamuoza. Pamoja na udhuru wote huo, Mtume alitaja laana kwa mwenye kuunganisha na mwenye kuunganishwa. Anayeunganisha ametajwa pia, kwa hiyo usiseme mimi ni mkono tu.

Sitiri pia ni yako. Simu chumbani mwa bibi harusi zizuiwe, na wewe uwe mkali. Na asubuhi ya pili, akija mtu kukuuliza ya usiku, au ikatajwa ile desturi ya kuonyesha shuka, kataa na umkingie mwenzio. Mtume amelitia katika mambo maovu mno kitendo cha wanandoa kutoa nje siri ya faragha yao. Vipi basi zitangazwe na mtu wa tatu? Naona desturi hiyo ni dhuluma kwa wasichana, na imevunja ndoa ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Sare ni mubaha, yaani inaruhusiwa, ikiwa ni ya stara na uwezo unao. Ikiwa itakupasa ukope, mwambie rafiki yako waziwazi. Allah amewasifu waja Wake ambao wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili. Walima, yaani karamu ya ndoa, wa Bi Safiyya ulikuwa tende, jibini kavu na samli.

Ama kucheza mbele ya wanaume wasio maharimu wenu, yaani wasio ndugu mlioharamishiwa kuoana nao, hilo halifai, na mume wako hajakosea kutoridhika. Lakini usikimbilie kukataa upambe mzima. Nenda kwa rafiki yako wiki hii, mkiwa wawili, umwombe maingilio yawe ya wanawake peke yao, kama zinavyofanywa harusi nyingi za Mombasa na Unguja: ukumbi wa wanawake, dufu lipigwe, mfurahi mpaka mchoke. Akikubali, umempa zawadi kuliko sare. Familia yake ikikataa, kaa naye nyumbani kuanzia asubuhi, umpambe, uswali naye, umsindikize mpaka mlangoni mwa ukumbi, kisha urudi kwako. Mwambie hayo mapema ili apate wa kushika nafasi yako ukumbini, asije akaaibika usiku wenyewe.

Wallahu a'lam.