“Miye sikutupa batoto”

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, majimbo ya Marekani yazilegeze sheria zinazolazimisha watu kutoa taarifa wanaposhuku mtoto anateswa, au yazikaze zaidi? Nawajibu kama mkalimani wa Kiswahili wa simu. Huu ni mwaka wa tisa nafanya kazi hii nikiwa nyumbani kwangu Texas. Naunganishwa na madaktari, walimu, mahakimu, na wale maafisa wa ulinzi wa watoto ambao watu wetu huwaita CPS kwa sauti ya chini, kana kwamba kulitaja jina ni kuwaita.

Nianze na mama mmoja. Jimbo silitaji, na mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asijulikane. Alitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, akakaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, kisha akahamishiwa huku. Alikuwa akifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, na binti yake wa miaka 12 alikuwa akibaki nyumbani na wadogo zake wawili, jambo alilolizoea tangu kambini. Mtu akapiga simu bila kusema jina lake. Afisa alifika asubuhi bila mkalimani, akamtumia yuleyule binti kufasiri.

Mimi niliunganishwa siku ya pili. Afisa akasoma tuhuma, na katikati yake kulikuwa na neno la sheria, “neglect”, ambalo kwa Kiswahili tumezoea kulitafsiri “kutelekeza”. Nikalisema. Simu ikawa kimya, kisha nikamsikia mama analia. “Dada, miye sikutupa batoto. Nilikuwa ku kazi.”

Alinielewa sawasawa. Kwetu aliyetelekeza mtoto ni yule aliyemwacha akaenda zake: baba aliyehama mji asirudi, au aliyemwacha mchanga mlangoni pa zahanati. Neno la sheria za huku limebeba zaidi ya hapo: friji tupu, meno yasiyotibiwa, utoro wa shule, nyumba chafu, mtoto kubaki bila mtu mzima. Nikamuuliza mama, kwa ruhusa ya afisa, binti alimfasiria vipi jana yake. Akasema: “Aliniambia banauliza kama ninabapenda.” Tangu siku ile namwomba kila afisa ataje kitendo chenyewe, nami natafsiri kitendo.

Sheria hizi zilizaliwa kwa sababu ya haki kabisa. Mwaka 1962 Dk. C. Henry Kempe na wenzake walichapisha makala kuhusu watoto waliokuwa wakifikishwa hospitali na mifupa iliyovunjwa na walezi wao. Miaka mitano baadaye kila jimbo lilikuwa na sheria ya kutoa taarifa. Mwaka 1974 Bunge la Marekani likafungamanisha fedha za serikali kuu na sheria hizo. Kisha mduara ukazidi kupanuka. Pennsylvania iliongeza orodha ya wanaolazimika baada ya kashfa ya Jerry Sandusky, kocha wa zamani wa chuo kikuu aliyehukumiwa kwa kuwadhulumu watoto kingono, na taarifa zikaongezeka sana. Hapa Texas wajibu ni wa kila mtu, na kunyamaza kwa kujua ni kosa la jinai.

Matokeo yake, mwaka 2022 nchi nzima zilipokewa taarifa takriban milioni 4.3, na karibu nusu hazikufikia hata kiwango cha kuchunguzwa. Watoto 558,899 walithibitishwa kuwa wahanga, na takriban robo tatu yao walihusishwa na neno lile lililomliza mama wa Kivu. Mwaka huohuo watoto wanaokadiriwa kufikia 1,990 walikufa kwa kuteswa au kukosa matunzo. Naitaja namba hii ya mwisho kwa sababu baadhi ya ndugu zetu wanataka sheria zifutwe zote, nami siungi mkono. Nimewahi kumtafsiria mvulana aliyeshindwa kukaa kitini kwa majeraha. Mwalimu wake ndiye aliyepiga simu. Watu wazima wa nyumbani na majirani wa lugha yake walijua, wakasema yatamalizwa kwenye kikao cha ukoo. Niseme pia, kwa kuwa naulizwa kila wiki: hakuna jimbo linalomkataza mzazi kila aina ya adhabu ya viboko nyumbani, lakini fimbo inayoacha jeraha inakuingiza kwenye mkono wa sheria, na inastahili.

Kwa hiyo wajibu wa kutoa taarifa ubaki. Mageuzi ninayoyataka mimi yako kwenye maana ya kosa, kwenye jina la anayepiga simu, na kwenye lugha. Texas, jimbo ambalo wengi wenu hamlitegemei kwa haya, imeanza. Mwaka 2021 ilibana maana ya neno lile: lazima mzazi awe amepuuza waziwazi matokeo ya kitendo chake, na mtoto awe ameumia au yuko katika hatari ya papo hapo. Mwaka 2023 ikakataa taarifa za wasiotaja majina, ingawa jina linabaki siri kwa mzazi. Mwaka huohuo ikamtaka mchunguzi amweleze mzazi haki zake tangu mwanzo, ikiwemo kuzungumza akiwa na wakili na kukataa kufungua mlango pasipo amri ya mahakama.

Hilo la jina naliunga mkono kwa moyo wote. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii apeleke taarifa serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa atakuuliza wewe ni nani na umeona nini. Simu isiyo na jina ni silaha ya mwenye nyumba anayetaka wapangaji watoke, na ya mtalaka mwenye kinyongo. Nimetafsiri kesi za namna hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara watoto walihojiwa peke yao.

Tena kila jimbo lina mpaka wake. Maryland imeandika wazi kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 asiachwe bila mlezi aliyefikisha angalau miaka 13. Texas haitaji umri wowote. Familia inayohama kufuata kazi ya kiwandani inavuka mpaka wa jimbo na kukuta mpaka wa kosa umesogea, na hakuna anayewaambia.

Kuhusu lugha, sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 imetumika kuwabana wanaopokea fedha za serikali kuu wawahudumie wasiojua Kiingereza, lakini haikumzuia afisa yule kumtumia binti. Ningepewa nafasi ya kuandika kifungu kimoja katika bunge la jimbo lolote, ningeandika hiki: mchunguzi asimtumie mtoto kumfasiria mzazi wake katika uchunguzi unaomhusu mtoto huyo, na maelezo yoyote yaliyopatikana hivyo yasipokelewe mahakamani. Mkalimani wa Kiswahili anapatikana kwa simu usiku na mchana, mara nyingi ndani ya dakika moja. Nalijua hilo kwa kuwa mimi ni mmoja wa wanaopokea.