Kabla hujanunua gari, hesabu Ramadhani yako

Mwaka 2021 nilinunua gari kwa macho. Lilikuwa limepigwa polishi pale yadini, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unasikika kama wa friji jipya. Silinda sita. Jina lake silitaji, maana wapo linaowafaa na wanaweza kulilisha. Mimi kazi yangu ni upishi wa shughuli hapa Tanga: pilau, biriani, sambusa, chai ya maulidi na hitima. Nina masufuria makubwa, majiko ya gesi, madumu ya maji na wasichana watatu wa kunisaidia. Mtu mwenye mizigo hiyo ndiye aliyekwenda kununua viti vya ngozi.

Siku hizi watu huniuliza, "Dada, ninunue gari gani?" Siwatajii gari. Huwauliza kwanza: Ramadhani unaingiza shilingi ngapi?

Kwenye upishi, kuanzia mfungo mosi mpaka mfungo tatu, yaani miezi mitatu inayofuata Ramadhani, simu haipumziki, ni harusi juu ya harusi. Mfungo sita ni maulidi. Ramadhani ikiingia, harusi hakuna. Napata futari za ofisi hapa na pale, basi. Nilipokwenda SACCOS kukopa nilikuwa nimetoka kwenye miezi ya neema, daftari la oda limejaa, na nikapiga hesabu ya marejesho kwa mapato ya miezi ile ile. Shilingi 480,000 kila mwezi niliiona ndogo. Lakini marejesho hayafungi saumu. Ramadhani ya kwanza nililipa kwa akiba. Ya pili nikaangukia kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, na anayewajua hana haja ya kuelezwa.

Kila mtu ana Ramadhani yake. Mwalimu ana Januari ya ada na sare za watoto. Mkulima wa machungwa wa Muheza ana miezi ambayo miti haina kitu. Bodaboda ana masika. Gari ulipime kwa mwezi huo, si kwa mwezi uliopata tenda.

Halafu petroli. Agosti 2022 bei ilipita shilingi 3,400 kwa lita, tena serikali ilikuwa imeshaweka ruzuku. Bei kikomo za EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Tanga tuna bei yetu kwa kuwa mafuta hushushwa bandarini kwetu. Nilikuwa naisubiri Jumatano hiyo kama matokeo ya mtihani. Gari langu mjini lilikuwa linakwenda kilomita 7 kwa lita. Muheza kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya kuzisaka nyumba za watu, ni kama kilomita 80. Hizo ni lita 11 na ushee. Kwa shilingi 3,000 tu kwa lita, ni zaidi ya 34,000 kabla sijanunua hata kitunguu. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita lingenigharimu nusu yake.

Na kuna jambo wengi tumelisahau. Mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Tulishangilia. Ila maana yake ni kwamba mwenye gari linalokunywa hulipa ada ile kila anaposimama kituoni, na hulipa nyingi kuliko jirani yake mwenye Vitz.

Kilichonifumbua macho hasa ni pampu ya mafuta. Iliharibika Alhamisi, na Jumamosi nina harusi Muheza, watu 300. Fundi akazunguka maduka yote ya spea Ngamiani, hakuna. Ikaagizwa Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi, nikaenda kuisubiri stendi ya Kange na jua lote lile. Ikashuka. Siyo yenyewe. Ingekuwa ya Corolla au IST, ningeipata kwa miguu, mpya au mtumba, na ya mkopo juu, kwa mwenye duka anayenijua.

Ikabidi nikodi kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo. Dereva alitaka 60,000 kwenda na kurudi. Masufuria yote yakaenea, majiko yakaenea, wasichana wakapanda Hiace. Usiku tukirudi, mimi nimekaa mbele karibu na dereva, nikaanza kupiga hesabu. Marejesho yangu ya mwezi yalitosha kukodi kirikuu ya Muheza mara 8. Tangu nianze kazi hii sijawahi kupata shughuli 8 za Muheza kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, ambao watu hawaupendi: kodi kwanza. Kaa miezi mitatu na daftari, andika kila safari, ulibeba nini, ulilipa ngapi. Mji wenyewe ni tambarare, watu wazima wanaendesha baiskeli mpaka leo na hawaonekani mafukara. Bajaji zipo. Daftari likikuonyesha unakodi kwa hela ndogo kuliko ya mafuta, bima na fundi, gari bado hulihitaji, unalitamani tu. Kutamani si dhambi, ila usikope kwa ajili yake.

Langu mimi lilionyesha kwamba nahitaji gari, lakini si lile. Safari zangu nyingi zilikuwa fupi na chafu: soko la Mgandini alfajiri, samaki pale Deep Sea, kurudi Makorora. Maji ya samaki yaliwahi kumwagika kwenye kapeti la gari la viti vya ngozi. Nililiosha kwa ndimu, kwa sabuni, kwa kahawa. Mwezi mzima wageni wakipanda wanashusha vioo kimyakimya.

Nililiuza mwishoni mwa 2023. Nililinunua milioni 24, likatoka milioni 17 na nusu, na hapo nilibahatika. Mwaka ule dola zilikuwa shida. Shilingi ilianza mwaka kwenye 2,300 hivi kwa dola, ikamaliza kwenye 2,500. Kuagiza gari Japani kukawa ghali, na yaliyokwisha kuingia nchini yakapata wateja. Nikamaliza deni la SACCOS, nikaanza kutafuta upya.

Kuagiza nilikufikiria. Nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, nikaona mambo. Viwango hubadilika kwenye bajeti ya Juni, lakini nilipokokotoa mimi ilikuwa hivi: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa cc 1001 mpaka 2000, asilimia 10 ikizidi hapo. Kisha uchakavu: likiwa na miaka 8 hadi 10 unaongezewa asilimia 15, likizidi 10 asilimia 30. Ndiyo maana gari linaloonekana bei ya kutupa kwenye simu, likifika hapa linakuwa na bei ya wenzake. Wengi huangalia bei ya Japani wakaenda kusherehekea.

Basi nikatafuta la mkononi. Madalali wa hapa watakuambia herufi ya namba ya usajili kwanza: hili namba C, hili namba D, kama vile herufi ndiyo injini. Mimi nilikwenda na fundi wangu, mzee wa Ngamiani asiyependa maneno. La kwanza tulilikuta Raskazone, limeegeshwa uso baharini, rangi inang'aa. Mzee hakufungua hata boneti. Alilala chini, akachukua bisibisi, akawa anagonga kwa mpini chini ya milango. Ko, ko, ko. Akafika karibu na gurudumu la nyuma, sauti ikabadilika, ikawa kama unagonga boga. Akaigeuza bisibisi, akasukuma kidogo, ikazama mpaka mpini.

"Mwanangu," akasema akiwa bado chini, "hili limekula chumvi. Twende."

Mji wa pwani huu, kutu haina huruma. Injini mbovu unafungua, giaboksi unabadilisha. Chesisi ikiliwa hakuna cha kufanya. Gari lililokaa Dodoma au Arusha bodi yake huwa nzima zaidi, na mimi ningelichukua hilo hata kama kiti kimechanika.

Nikaishia kwenye Probox, cc 1496, milioni 10 na laki 8, bila mkopo. Noah niliiacha kwa mafuta yake, ingawa ningebeba wasichana wote. Kununua kirikuu yenyewe niliogopa mvua juu ya pilau, na kwenye barabara ya Segera basi likikupita unahisi upepo unataka kukuvua. Probox naikunja viti vya nyuma, masufuria mawili makubwa yanakaa, na samaki wakimwaga maji naosha kwa mpira. Shemeji yangu alipoiona alisema, "Yaani umeuza gari, umenunua sanduku." Na kweli ni sanduku. Nilikuwa na kazi ya sanduku.

Mengine kwa haraka. Kabla hujatoa hela, angalia madeni ya faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Nilipoangalia mimi kila kosa lilikuwa 30,000, na deni linalifuata gari, halimfuati aliyelifanya. Jina kwenye kadi lifanane na la anayekuuzia, au aje mwenyewe. Usitoe hela yote kwenye kununua. Mimi nilibakisha milioni moja, ikaishia kwenye matairi, bushi na shokomzoba ndani ya wiki mbili. Bima kubwa, ile niliyotozwa asilimia 3.5 ya thamani kwa sharti la mkopo, sasa sina. Nina ndogo, na naendesha polepole. Na ukiishi karibu na bahari osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, siyo juu tu panapoonekana.

Oda za Pangani zimeanza kuja, na Probox haitoshi kwa sherehe ya watu 500. Wenzangu wananiambia niuze nichukue Noah. Ramadhani iliyopita nililipa kodi ya nyumba na ada bila kukopa kwa mtu, kwa hiyo naona nitulie. Kirikuu ninaikodi bado, kwa dereva yule yule. Tukifika ananisaidia kushusha masufuria, na anajua kuacha nafasi ya mkaa.