Nimkatalieje mdogo wangu kukaa na mwanangu?

Barua zilizonifikia safari hii zinazunguka jambo moja: ndugu anayetumia dawa za kulevya anataka kukaa na mtoto, au familia ndiyo inayotaka, na mzazi anaona uzito kusema hapana. Nimechagua tano. Nimezifupisha na kuondoa kila linaloweza kumtambulisha aliyeandika.

Likizo yangu ya uzazi inaisha, mwanangu ana miezi minane. Mdogo wangu wa kike hana kazi na amejitolea kukaa naye. Anatumia unga, nyumba nzima tunajua ingawa hakuna anayelitamka. Mama anasema nikimkatalia nitakuwa nimemtupa. Nimkatalieje bila kuvunja undugu?

Dada yangu, nami niliwahi kushindwa kusema hapana. Mwanangu alikuwa na umri kama wa wako, nikamwachia mdogo wangu wa kiume, saa mbili tu. Niliporudi nilimkuta kakaa kitini, kidevu kimegusa kifua, sigara inaungua yenyewe kati ya vidole, jivu refu limepinda bila kudondoka. Mtoto alikuwa mapajani kwake, kateleza nusu, mguu mmoja unaning'inia. Nilipomwita alifumbua macho, akaniambia kwa upole kabisa, "Tuko salama, dada." Na aliamini hivyo. Hilo lilinitisha kuliko ile sigara, kwamba hakuwa akinidanganya.

Unga ndivyo unavyofanya. Heroini hupunguza kasi ya ubongo na ya pumzi, na mtumiaji husinzia akiwa ameketi, akiwa amesimama, hata katikati ya sentensi, kisha akizinduka haoni kama kuna muda uliompita. Asipotumia ni balaa jingine: arosto huanza kati ya saa 6 na 12 tangu dozi ya mwisho, na huja na jasho, kuharisha, maumivu ya mifupa na mwili usiotulia. Sasa piga hesabu ya siku yako ya kazi, pamoja na muda wa kwenda na kurudi. Ama atakuwa ametumia kabla hujatoka, asinzie na mtoto mikononi, ama arosto itamkuta mchana na itabidi atoke kutafuta, akimbeba mtoto au akimwacha ndani peke yake. Anampenda mwanao, sina shaka. Upendo huo haubadilishi hata saa moja katika hesabu hii. Na mtoto mchanga akilazwa kifuani au kwenye kochi pamoja na mtu aliyelewa dawa anaweza kuzibwa pumzi bila kutoa hata sauti.

Zungumza naye akiwa na akili zake, mkiwa wawili, siku kadhaa kabla hujarudi kazini. Usingoje asubuhi ile, na usimwambie mbele ya mama. Maneno yawe machache: "Nakupenda, na sitakuachia mtoto wakati unatumia. Jioni nikiwepo, njoo ukae naye upendavyo." Usitafute kisingizio. Ukisema umeshapata yaya, siku yaya akiumwa ombi litarudi, nawe utakuwa huna cha kusema. Akikana kwamba anatumia, usiingie kwenye kesi ya ushahidi. Rudia uliyosema, kwa sauti ile ile. Akilia, mwache alie, ukae naye. Kisha jioni akija kweli mfungulie mlango na umpe mtoto ampakate, wewe ukiwa hapo hapo, maana hiyo ni nusu ya ahadi na ndiyo watu wengi wanayoisahau.

Kuhusu mama: nadhani anaogopa kumpoteza binti yake, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini hakuna aliyepona uraibu kwa kukabidhiwa mtoto mchanga. Mwambie mama awaze siku ambayo jambo baya limetokea mikononi mwa mdogo wako, na ataishije nalo. Unapokataa unawalinda wote wawili.

Mama mkwe ndiye anayekaa na wanangu, mmoja ana miaka 2 na mwingine 4. Shemeji yangu anaishi hapo hapo na anatumia vitu vingi, hata sindano. Mama anasema, "Yeye watoto hawagusi." Juzi mkubwa kaniambia, "Baba mdogo alitulaza mchana, bibi hakuwepo." Mume wangu hataki kumkabili mama yake.

Hayo maneno ya mtoto yachukue kama yalivyo. Sidhani kama mama mkwe wako ni mwongo. Kwake yeye, kutoka mara moja na kurudi si kuwaacha watoto. Ametoka, na ndani kuna mtu mzima. Kwa hiyo msimuulize kama watoto wako salama, maana atajibu ndiyo na atakuwa anaamini. Muulizeni mambo yanayoshikika: ukitoka anabaki nani? Chumba cha shemeji kinafungwa kwa ufunguo, na ufunguo unakaa wapi? Akilala mchana analala wapi? Nani anafagia chumba chake, na anakuta nini?

Swali la mwisho ndilo zito. Mtoto wa miaka miwili huona kwa mdomo. Kete ya unga iliyodondoka chini ya kitanda, kidonge kimoja cha usingizi, biskuti iliyotiwa bangi: vyote kwake ni vitu vya kuonja, na kiasi ambacho mtu mzima hakihisi kinaweza kumzuia mtoto kupumua. Ukishuku kameza kitu, usimtapishe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na ubebe kilichobaki au karatasi yake, na umwambie daktari ukweli wote hata kama shemeji atakuchukia.

Mtoto akijichoma na bomba la sindano, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usilikamue, na uende hospitali siku ile ile. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kwa siku 28. Muulize daktari pia kuhusu homa ya ini aina ya B na C. Nasikitika kuyaandika haya kwenye jibu la barua ya mama, lakini umetaja sindano, na siwezi kuzipita.

Mume wako ndiye aseme. Ukisema wewe, mazungumzo yatageuka kuwa ya mkwe aliyekuja kuwagombanisha, na watoto watasahaulika. Aende peke yake amwambie mama masharti mawili: watoto wasibaki na baba yao mdogo hata dakika moja bila yeye, na chumba kile kifungwe. Akiona hayawezekani, basi bibi aje kukaa nao kwenu. Kama mume wako hawezi kufika kwa mama yake wiki hii, watoto wasiende wiki hii. Nimesema wiki hii.

Kaka yangu hajagusa unga kwa miezi mitano. Kila siku anakwenda kliniki kunywa methadoni. Kuna wanaoniambia huyo bado ni teja, kabadilisha dawa tu. Anaomba kutoka na mwanangu wa miaka 7 Jumamosi. Nisubiri hadi lini?

Nianze na hao wanaokuambia. Methadoni ni tiba. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Dozi ikishapimwa vizuri humwondolea mtu arosto na kile kiu cha unga bila kumlewesha, akafanya kazi yake na kulea wanawe kama mtu mwingine yeyote. Kwenda kliniki kila siku kwa miezi mitano ni kazi ngumu kuliko nyingi tunazozisifu. Usimwadhibu kwa sababu anatibiwa. Na hilo neno teja, naomba lisitumike tena mbele ya mtoto.

Kuna tahadhari, hata hivyo. Wiki za mwanzo, dozi inapoongezwa kidogo kidogo, usingizi ni jambo la kawaida. Kwa miezi mitano huenda amelivuka hilo, muulize. Akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, hatari inarudi palepale. Na kama kliniki imeanza kumruhusu kubeba dozi nyumbani, ikae kwenye kisanduku chenye kufuli. Dozi ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto, tena kwa hila, kwa sababu methadoni hufanya kazi polepole na mtoto anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla pumzi haijaanza kushuka. Akionja, hata kama anacheza, ni hospitali.

Hadi lini? Siwezi kukupa idadi ya miezi. Kurudia matumizi hutokea kwa wengi walio kwenye safari ya kupona, hata kwa waliodhamiria kwa moyo wote. Ni kipindi cha hatari sana kwao kwa sababu mwili umeshasahau ule uzoefu, na dozi waliyoizoea zamani inaweza kuwaua. Mimi ningeangalia vitu vidogo. Akisema atafika saa nne, anafika? Siku ikiwa mbaya, anakuambia au anapotea? Na ukimwambia "bado", anapokeaje? Anayepona kweli huumia kusikia neno hilo, lakini hakugeuzii kibao.

Kama majibu ni mazuri, ningempa Jumamosi: mchana, mahali penye watu, muda mfupi, mtoto akiwa na namba yako kichwani. Usiku bado. Na kabla hawajatoka mwambie: "Ukijiona hauko sawa, nipigie, nitakuja kumchukua, na siku hiyo sitakuuliza chochote." Kisha uitimize. Akikupigia ukaanza kumfokea, hatapiga mara ya pili.

Mwanangu wa miaka 6 anauliza kwa nini mjomba haji tena kumchukua shuleni. Nimjibu nini?

Ukweli unaomtosha. "Mjomba anaumwa. Ugonjwa wake unamfanya ashindwe kuangalia watoto vizuri, kwa hiyo mama ndiye atakayekuwa anakuchukua. Hujakosa kitu, na mjomba anakupenda." Akiuliza kama atapona, sema watu wengi hupona na huchukua muda. Mfundishe pia cha kufanya akiwa na mtu mzima yeyote asiyeamka anapoitwa: kutoka nje, kwenda kwa jirani mnayemwamini, kusema jina lake na namba yako ya simu. Mfanyieni mchezo wa kuigiza, mara mbili tatu, ili mwili wake ukumbuke. Mengine yatangoja akikua.

Mimi ndiye huyo ndugu. Nina miezi 11 sijatumia. Dada yangu ananiruhusu kumwona mpwa wangu akiwepo yeye tu, na nikiingia ndani anahamisha mkoba wake, kimya kimya. Naumia. Nifanye nini aniamini?

Asante kwa kuandika. Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Miezi kumi na moja ni asubuhi zaidi ya mia tatu za kuamka na kukataa. Dada yako hazioni hizo asubuhi. Anachokiona ni mkoba, na mkono wake unaouhamisha huenda unakumbuka jambo ambalo wewe unatamani lingesahaulika. Siku moja, mkiwa mmetulia, muulize: "Kuna nililokufanyia ambalo hatujawahi kulizungumza?" Halafu nyamaza usikilize mpaka mwisho. Usiseme "lakini wakati ule nilikuwa mgonjwa." Ni kweli ulikuwa mgonjwa, ila siku hiyo ni zamu yake.

Usimwombe mtoto kama cheti cha kuthibitisha kwamba umepona. Najua unakitamani hicho cheti. Mtoto wa miaka michache hana mabega ya kukibeba. Hiyo saa unayopewa dada yako akiwepo, itumie yote kwa mpwa wako: kaa chini sakafuni, weka simu mbali, jifunze anachokipenda wiki hii, maana wiki ijayo atapenda kingine. Siku ukiamka vibaya, usiende, na useme kwa nini hukwenda. Dada yako atakumbuka siku hiyo kuliko unavyodhani. Na endelea na watu wanaokusaidia huko unakopata msaada. Usiwaache kwa sababu nyumbani kumeanza kuwa kuzuri.

Mdogo wangu, yule wa sigara, alikaa muda mrefu sana bila kuachiwa mwanangu. Kijana alikuwa na miaka tisa siku nilipowaruhusu kwenda kutembea wawili tu. Niliwapa saa moja. Nilisimama dirishani. Walirudi kwa dakika arobaini, mwanangu akiwa mbele, mjomba nyuma anahema, amebeba viatu vya mtoto mkononi kwa sababu mchanga uliingia ndani. Nikamuuliza mbona mapema. Akasema, "Nilijua umesimama hapo, dada. Nikaona miguu itakuuma."