Miaka 42, lakini moyo wa miaka 55?

Kaka, umesema una miaka 42, kikokotoo cha kwenye simu kikakwambia moyo wako una 55, na tangu hapo hulali. Pole, ila usianze kuandika wosia. Hakuna aliyeupima moyo wenyewe. Kinachofanyika ni hesabu: umri, jinsia, presha, sigara, kisukari, lehemu (mafuta ya kolesteroli kwenye damu) au uzito. Hatari yako ya kupata ugonjwa wa moyo ikilingana na ya mtu wa miaka 55 asiye na matatizo hayo, unapewa umri wake. Hesabu nyingi za namna hii chimbuko lake ni utafiti wa magonjwa ya moyo kwa wakazi wa mji wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948, kwa hiyo kwetu ni makadirio tu.

Presha uliyojaza ulipimaje? Ukipima umetoka kupanda ngazi, kahawa bado iko mdomoni, namba inaruka. Kaa kimya dakika 5, egemea kiti, usikunje nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Pima mara 2 asubuhi na mara 2 jioni kwa siku kadhaa, andika, mpelekee daktari.

Halafu hizo sigara unazosema ni "mbili tatu tu". Hiyo "tu" moyo hauijui. Anza kwa kuacha hizo kabla ya chochote.

Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na iliyomo kwenye mkate na vile vidonge vya kukolezea mchuzi inahesabiwa humohumo.

Ila kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, usifungue kikokotoo. Nenda hospitali saa hiyohiyo.