Je, sharti la namba kuhusiana na yenyewe ni la ziada?

Uhusiano wa namba unaozigawa katika makundi ya zinazolingana (kwa Kiingereza, equivalence relation) una masharti matatu. Kugeuza: a ikihusiana na b, b inahusiana na a. Kuunganisha: a ikihusiana na b, na b na c, basi a inahusiana na c. La tatu: kila namba inahusiana na yenyewe. Umeuliza: kama a inahusiana na b, basi b inahusiana na a, na kwa kuunganisha hizo mbili a inahusiana na a, sharti hilo la tatu ni la nini? Hoja nzuri sana, ila umedhani kwamba kila a ina b fulani inayohusiana nayo.

Chukua namba kamili, useme a inahusiana na b iwapo a × b si 0. Ukigeuza, inabaki kweli, maana kuzidisha hakujali mpangilio. Kuunganisha nako kunakubali. Sasa jaribu 0: 0 × 0 = 0. Haihusiani na namba yoyote, hata yenyewe!

Kwa hiyo thibitisha sharti hilo la tatu kila mara. Kwenye mabaki ya kugawanya kwa 5, ambapo a inahusiana na b iwapo a − b inagawanyika kwa 5, ni mstari mmoja tu: a − a = 0, na 0 inagawanyika kwa 5.